Mlima Meru siku 3 au 4? Na ule ukingo baada ya Rhino Point, mwoga anapita?

BintiMzizima

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa aliyepanda Meru kwa miguu yake mwenyewe, maana ya mitandaoni nimeyasoma mpaka nimechanganyikiwa.

Tuko watatu kutoka Dar, mimi na wenzangu wawili wa kazini, tunataka kwenda Septemba. Wenzangu wanang'ang'ania siku 3, gharama na likizo. Mimi naegemea 4. Mizigo tutabeba wenyewe. Uzoefu wangu wa milima ni kufika kibanda cha kwanza, Mandara, kule Kilimanjaro na kurudi siku hiyohiyo, basi.

Shida yangu hasa ni kwamba naogopa kimo. Daraja la Kigamboni nikilivuka kwa miguu naangalia viatu vyangu mwanzo mpaka mwisho. Sasa nimeona picha za ule mgongo wa mlima kati ya Rhino Point na kilele: huku kasoko (lile shimo la volkano), huku mteremko wa majivu, watu wamepangana katikati kama siafu. Mtu kama mimi anapita kweli? Au niwasubiri wenzangu kibandani na chai yangu?

MgumuMstaafu

Karibu dada yangu. Nimebeba mizigo mlima huo miaka tisa, mpaka magoti yaliponidai.

Siku 4. Geti la Momella lipo kwenye mita 1,500 hivi. Siku ya kwanza mnalala kibanda cha Miriakamba, mita 2,514. Ya pili kibanda cha Saddle, 3,570. Usiku huo mnaamka saa saba, saa nane mnatoka, na jua likichomoza mnatakiwa muwe kileleni au mnakikaribia, 4,562. Mpaka hapo siku 3 na siku 4 ni kitu kilekile. Tofauti ni kurudi. Wa siku 4 anashuka mpaka Miriakamba analala, na hapo keshashuka mita elfu mbili. Wa siku 3 anapitiliza mpaka getini, elfu tatu na ushei, kwa miguu iliyoamka saa saba usiku na begi mgongoni. Nimeona vijana wa mpira, mapaja kama magogo, wakishuka kinyumenyume.

Sasa huo ukingo. Watu wanauogopa wa kwenda. Wa kwenda ni giza: unaona kiduara cha taa yako na visigino vya aliyekutangulia, kwisha. Wa kurudi ndio wenyewe. Unageuka kileleni kumekucha, Kilimanjaro ile kule mashariki imekaa juu ya mawingu, na chini yako kasoko lote limefunguka, kichuguu cha majivu katikati, ukuta unateremka zaidi ya kilomita nzima. Hapo mtu anajiuliza, kumbe nilipita hapa? Na miguu inagoma. Nimewahi kumshika mkono baba mzima, ndevu zake hizi, kutoka karibu na Cobra Point, kule juu kuelekea kilele, mpaka Rhino Point. Na usiku wakati wa kwenda alikuwa anapiga mluzi.

Njia yenyewe si uzi. Sehemu kubwa haipiti juu kabisa ya ukingo, inapita upande wa nje, kasoko hulioni ila pale unaposogea kulichungulia. Pagumu ni ukishatoka Rhino Point: mnashuka kidogo halafu kuna miamba ya kushika kwa mikono. Hapo funga fimbo kwenye begi, mwenye fimbo mbili hana mkono. Mbele yake ni majivu, unapanda hatua moja unarudishwa nusu.

Askari wa hifadhi mnakuwa naye siku zote, ana bunduki kwa sababu ya nyati na tembo. Akisema turudi, rudini bila mjadala.

MpandaNgong

Habari dada. Mimi natoka Nairobi, na nilikuwa nimeshafika Point Lenana ya Mlima Kenya, mita 4,985, kwa hivyo Meru niliiona mtoto. Tukaenda Novemba. Hapo Rhino Point upepo ulikuja mpaka tukaketi chini sote, mvua nayo inatoka pembeni badala ya juu. Askari akatupa dakika kumi, hakukuwa na mabadiliko, tukarudi. Sijawahi kuiona hiyo Cobra Point mpaka leo. Septemba ni sawa, mmechagua vizuri.

Kitu kingine, panga tarehe iangukie mwezi mpevu. Mwanga unasaidia sana.

Kijana_wa_Usa

Siku 3 inawezekana, msimtishe dada wa watu. Mimi nilifanya na nikafika getini saa kumi na moja jioni nikiwa mzima.

Ila kwa ukweli wa Mungu, choo cha kuchuchumaa nilikitumia kwa kushikilia mlango siku nne.

BintiMzizima

Kijana wa Usa umewamaliza wenzangu 😂 Nimewasomea, wamekubali siku 4.

Sasa begi. Nimelipima lina kilo 14 na bado sijaweka maji. Humo kuna maharage makavu kilo mbili, maana mwenzangu mmoja bila maharage hajala. Makoti tununue wapi bila kuuza kiwanja? Na hii ya mwezi mpevu niizingatie?

MgumuMstaafu

Maharage yaache Dar. Kwenye 3,570 maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, utayachochea mpaka gesi iishe na bado yanagonga meno. Bebeni vitu vya kuiva haraka: tambi, unga wa uji, viazi vya siku ya kwanza. Usiku wa kilele tumbo halitaki chakula, kwa hiyo weka kashata na karanga mfukoni, mfuko wa koti, si ndani ya begi. Ukisema utafungua begi pale kwenye upepo hutafungua.

Kilo 14 ukitokea Dar, punguza zifike 10. Kama umeweka suruali za jinzi, toa. Siku ya kilele mzigo mkubwa unabaki kibandani, unapanda na maji lita tatu, koti, glavu na taa. Ukishapita Saddle hakuna maji. Chupa igeuze kichwa chini, barafu inaanzia juu, ukiigeuza mdomo unabaki wazi. Ile mipira ya kunyonyea maji kutoka kwenye begi inaganda, usiitegemee. Betri za akiba zilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia, baridi inazinyonya.

Makoti nendeni Memorial, soko la mitumba la Moshi, asubuhi wakati wanafungua mabelo. Jaketi la manyoya ya bata utalipata, kagua zipu kabla ya kukubaliana bei. Viatu usivivae vipya mlimani, vaa kuanzia sasa hata ukienda sokoni. Na kitambulisho cha taifa beba, mkalipe kiingilio cha wenyeji kwa shilingi.

Msitoke Dar usiku mkapanda kesho yake. Laleni Arusha walau usiku mmoja. Siku ya pili mkifika Saddle mchana, pumzika, halafu pandeni Little Meru, kilele kidogo cha jirani, 3,820, mrudi kulala chini yake. Kichwa kikiuma kidogo ni kawaida. Kikiuma na kutapika, au mtu anayumba kama mlevi, anashuka saa hiyohiyo hata kama ni usiku, hasubiriwi kupambazuka. Habari za vidonge vya ugonjwa wa kimo muulize daktari kabla ya safari, si mimi.

Mwezi mpevu, ndugu yangu wa Nairobi kasema kweli kwa mtu kama yeye. Kwa wewe, hapana. Mwezi mpevu pale juu ni kama taa za uwanja, utaliona kasoko saa tisa usiku ukiwa bado na saa tatu za kupanda, na utaanza kufikiria kurudi. Chagua mwezi mchanga. Giza litakufikisha kileleni. Kurudi utaliona, lakini wakati huo huna pa kwenda zaidi ya kibandani, na hofu ya kurudi nyumbani ina miguu. Mwambie askari mapema kwamba unaogopa, usione haya. Atakuweka nyuma yake, na wewe angalia visigino vyake kama unavyoangalia viatu vyako Kigamboni.

MpandaNgong

Hiyo ya mwezi sikuwa nimeifikiria. Mimi nilitaka kuona, kumbe wewe unataka kutoona.

BintiMzizima

Nimefungua kalenda, kuna wiki mwezi utakuwa na siku tatu tu tangu uandame. Hiyohiyo.

Mgumu, asante sana kaka. Leo nimeanza mazoezi: ghorofa saba za ofisini kwa ngazi, mchele kilo kumi mgongoni, viatu vya mlima miguuni. Mlinzi kaniangalia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu akashindwa kuvumilia: "Dada, lifti mbona inafanya kazi?"