Mrejesho: lile gego langu lililovunjika pembeni

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama ning'oe gego la chini ambalo kizibo chake cha zamani kilitoka na ncha moja ya jino. Sijang'oa, na nawashukuru sana mlionisihi nipige picha ya eksirei kwanza.

Picha ilionyesha mzizi mzima, uozo haujafika kwenye neva. Daktari akasema kuziba tena kwa kawaida hakutadumu, sehemu iliyobomoka ni kubwa. Kuvisha kofia (kifuniko cha jino zima) nako kungelazimu kuchonga jino pande zote, hata palipo pazima. Akashauri onlei: kipande kinachotengenezwa maabara kwa umbo la jino lako, kinafunika ncha iliyovunjika. Kikikaa katikati tu bila kufunika ncha, ndiyo inlei.

Siku ya kwanza: ganzi, kuondoa uozo, kuchukua chapa ya meno, kisha kizibo cha muda. Hapo kuweni makini. Nilitafuna ubuyu upande huohuo, kizibo kikang'oka, nikarudi kurekebishiwa. Nilikosea kabisa, maana nilishaonywa.

Baada ya wiki mbili kipande cha kauri kikagundishwa. Nikang'ata karatasi ya rangi, akasaga kidogo palipozidi mpaka meno yakakutana sawasawa. Maji baridi yalinisumbua siku nne hivi, sasa yameacha. Jana nimekula mahindi ya kuchoma kwa upande ule, mara ya kwanza tangu mwaka jana!

Bei ni kubwa kuliko kuziba, ulizeni mapema.