Tupeane uzoefu: kitufe cha kumwita mlezi kwa mtu ambaye mikono yake haimtii

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa uzoefu wa wale waliolazimika kubadilisha kitufe cha kumwita mlezi. Vitufe vingi hutengenezwa kwa kuchukulia kwamba mtumiaji ana kidole chenye nguvu, na kwamba ataweza kukifikia kitufe hata baada ya kugeuzwa ubavu usiku wa manane.

Naanza na habari ya kaka yangu, aliyeumia uti wa mgongo shingoni katika kiwango cha C5, yaani cha tano cha shingo. Anakunja kiwiko na kuinua bega, lakini vidole havibonyezi kitu, kwa hiyo kile kitufe cha kuvaa shingoni alichopewa hakikumfaa kabisa. Mtaalamu wa utengamao alitushauri tuache kwanza kulinganisha vitufe, tumtazame yeye: ni mwendo gani anaoweza kuurudia akiwa amechoka, amelala chali au ubavu, bila kuuma meno? Kwake ulikuwa ni kusukuma kiwiko kwenda nje, na swichi bapa yenye upana wa kiganja ikafungwa kwenye ukingo wa kitanda mahali hapo hapo. Kuweza kuita ni jambo la usalama, kwa sababu mtu aliyeumia katika kiwango cha T6 (cha sita cha kifua) au juu yake, kama kaka, anaweza kupandwa na shinikizo la damu ghafla kutokana na kibofu kilichojaa au mrija wa mkojo uliojikunja, na hapo anahitaji kuketishwa na chanzo kuondolewa mara moja.

Fundi wa redio, mtunzaji wa shangazi
Nashukuru kwa kuanzisha jambo hili. Mimi nilitumia kengele ya mlango isiyo na waya, ile yenye kitufe kinachotumia betri na kipokezi kinacholia ndani ya nyumba. Ndani ya kitufe kuna swichi ndogo inayounganisha ncha mbili tu, kwa hiyo nililehemu nyaya mbili kwenye ncha hizo, nikazitoa nje hadi kwenye soketi ya milimita 3.5. Kipimo hicho ndicho kinachotumiwa na swichi nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na faida yake ni kwamba hali ya shangazi ikibadilika nachomoa swichi moja na kuchomeka nyingine bila kushika tena chuma cha kulehemu. Nyaya zifungwe imara ndani ya kasha, kwani atakayevuta shuka asubuhi atavuta na waya.

Kabla ya kununua, angalieni mambo mawili. Kengele zisizo na betri kwenye kitufe, zinazozalisha umeme kwa nguvu ya kubonyezwa, hazifai kwa kazi hii: zinahitaji msukumo mkubwa, na kuunganisha ncha mbili hakuziamshi. Zile za kugusa kioo tu nazo hazina swichi ya kulehemu. Tena, fungueni kifaa cha betri peke yake. Kilichochomekwa kwenye umeme wa ukutani kiacheni.

Mke na mlezi
Mume wangu ana ugonjwa wa ALS, ambao huendelea kudhoofisha misuli, na kwa hiyo sisi hatukutafuta suluhisho la kudumu. Alianza na kitufe kikubwa mkononi, kikahamia mguuni wakati mikono ilipolegea kabla ya miguu, na sasa anatumia swichi laini iliyo kando ya mto, ambayo huitika anapogeuza shavu. Tulishauriwa pia swichi ya kupuliza na kufyonza kwa mrija. Najua kwamba inawasaidia sana watu waliopooza huku midomo na pumzi yao vikiwa vizima, ila kwa ugonjwa huu, unaoishia kugusa midomo na kupunguza pumzi, niliona tungekuwa tunaegemea kitu kinachoondoka. Tunajaribu mwendo unaofuata mapema, wakati ule wa sasa ungali unafanya kazi, ili asibaki hata usiku mmoja bila namna ya kuita.

Binti wa mzee mwenye Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka)
Kwetu tatizo lilikuwa kinyume: mkono wa baba ulitetemeka ukaita bila yeye kutaka, na baada ya muda walezi wakawa hawaji kwa haraka. Fundi alituwekea kifaa cha kuchelewesha, ambacho hakipigi kengele mpaka swichi ishikiliwe kwa muda mfupi, na mtetemo haushikilii. Akazungushia pia kitufe ukingo ulioinuka kidogo ili kiganja kipumzike juu yake bila kukibonyeza.

Mke na mlezi
Dada, hilo ni zuri kwa baba, ila wengine wasilichukue bila kupima. Mume wangu anaweza kugusa lakini hawezi kushikilia, na ucheleweshaji wa namna hiyo ungemfungia mlango kabisa.

Muuguzi
Mgonjwa anapolazwa, nendeni na swichi yake na muwaeleze wauguzi siku hiyo hiyo. Baadhi ya mifumo ya kuita wodini ina plagi ya milimita 6.35, na adapta ya kutoka 3.5 ni kitu kidogo, lakini wahusika wa hospitali ndio wanaopaswa kuiunganisha na kuijaribu.

Mwanzisha mada
Naongeza upande wa kipokezi, kwa sababu tunausahau. Kikichomekwa ukutani, umeme ukikatika hakilii, kwa hiyo sisi tulichagua kinachotumia betri. Kuta nene nazo hudhoofisha mawimbi. Kila jioni kaka mwenyewe ndiye anayeita, akiwa amekwisha kulazwa, nasi tunasikiliza kutoka chumba cha mbali zaidi. Mimi kubonyeza kwa mkono wangu hakuthibitishi chochote. Alitaka pia taa ndogo iwake mbele yake anapoita, ajue kwamba wito umetoka, na hilo lilimpunguzia wasiwasi kuliko nilivyotarajia.

Fundi wa redio, mtunzaji wa shangazi
Na swichi mnaizuiaje isihame anapogeuzwa?

Mwanzisha mada
Tuliifunga kwenye mkono wa chuma unaopindika, wenye kibano, tukapaka alama mbili za rangi kwenye ukingo wa kitanda: moja ya kulala chali, nyingine ya ubavu. Yeyote anayemgeuza husogeza kibano hadi kwenye alama, kisha humwomba aite mara moja kabla ya kutoka chumbani.