Mrejesho: Wasusi walioondoka saluni kwangu

Mwezi uliopita niliwaomba ushauri baada ya wasusi watatu kuiacha saluni yangu ya Sinza, Dar es Salaam, ndani ya miezi sita, nami nikiamini kwamba kilichowaondoa ni kamisheni ndogo. Ninawashukuru kwa dhati mlionisihi niwaulize wenyewe kwanza.

Nilimpigia mmoja wao, akanieleza bila kuficha kuwa hakuondoka kwa ajili ya fedha, bali kwa sababu siku moja nilifumua rasta alizokwisha kumsuka mteja hadi nusu ya kichwa, huku nikimkaripia mbele ya watu, na tangu siku hiyo vidole vilimtetemeka kila niliposogelea kiti chake. Maneno hayo yameniuma sana. Alipohama, wateja wake walimfuata, kwani mteja wa nywele hufuata mkono anaouamini.

Nimemwomba radhi. Waliobaki nawarekebisha faragha, mteja akishaondoka, na nimewapa mikataba ya maandishi yenye likizo ya siku 28 kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavyoelekeza, jambo nililolipuuza kwa miaka. Yeye hajarudi, ila Jumamosi iliyopita alinielekezea bibi harusi ambaye hakuwa na nafasi ya kumhudumia.