Mstari na parabola: grafu inaonyesha nukta moja, hesabu inaleta kipeuo cha 17

Muulizaji, Temeke
Wakuu, habari za jioni. Swali la kidato cha tatu: mstari y = 2x − 5 unakutana wapi na parabola y = x² − 3x + 1? Kwenye grafu ya sentimita 1 kwa uniti 1, mstari unaonekana kugusa mara moja tu, karibu na x = 2.5. Kwa hesabu tumefika x² − x − 4 = 0, na fomula inatoa kipeuo cha 17. Tumekosea wapi?

Mwalimu wa Ubungo
Kwenye kuvusha. Pale zinapokutana y ni ileile, hivyo x² − 3x + 1 = 2x − 5. Ninyi mmevusha 2x na −5 bila kugeuza alama. Mzoesheni kijana kuweka mabano:

x² − 3x + 1 − (2x − 5) = 0
x² − 5x + 6 = 0
(x − 2)(x − 3) = 0

Asiishie kwenye x = 2 na x = 3, kwani swali linataka nukta. Atafute y kwa mstari, ambao ni mwepesi: −1 na 1. Kisha ahakiki kwa parabola: 4 − 6 + 1 = −1; 9 − 9 + 1 = 1. Nukta ni (2, −1) na (3, 1).

Muulizaji, Temeke
Asante sana mkuu. Sasa grafu mbona imetudanganya?

Mchangiaji, Mbezi
Kipimo ni kidogo mno. Kati ya nukta hizo mbili pengo kubwa liko x = 2.5: mstari uko 0, parabola −0.25. Kwenye karatasi yenu hiyo ni milimita 2.5, na penseli butu inaimeza. Kama jedwali lilikuwa na namba nzima tu, ndiyo kabisa, maana 2.5 haikuwekwa. Choreni x kutoka 1.5 hadi 3.5 kwa hatua za 0.25, sentimita 4 kwa uniti.

Na kweli mlikuwa karibu na kugusa. Chukua y = 2x + k: unapata x² − 5x + 1 − k = 0, na b² − 4ac (ile sehemu iliyo ndani ya kipeuo kwenye fomula) = 21 + 4k. Inakuwa sifuri k ikiwa −5.25: x inabaki moja tu, hapo ndipo mstari unagusa. Chini ya hapo haukutani na parabola kabisa. Wenu ni −5, umepita kwa robo tu.

Mwalimu wa Ubungo
Naongezea: kukutana mara moja si lazima iwe kugusa. Mstari wima x = 2 unaikata parabola hii mara moja tu, kwenye (2, −1), na hapo b² − 4ac haihusiki.