Anayepigia debe hisa zake mwenyewe ni mhalifu?

Mzawa_Ilala: Wakuu, tukate hii. Jonathan Lebed, dogo wa miaka 15 wa New Jersey, 1999 mpaka mwanzoni mwa 2000: ananunua hisa za vikampuni visivyojulikana, kisha anaingia mtandaoni kwa majina kibao ya bandia kuzisifia kwamba zitapaa. Watu wanakurupuka, bei inapanda, yeye anauza ndani ya saa 24. SEC, wasimamizi wa masoko ya mitaji Marekani, wakamshukia. Nauliza: mtu kusifia mali yake ndiyo nia ovu?

MamaKachumbari: Si alifungwa yule?

Wakili_Njaa: Hakufungwa, dada. Haikuwa hata kesi ya jinai. Septemba 2000 walimalizana, akarudisha faida na riba, jumla kama dola 285,000, bila kukiri wala kukana. Ila nia ipo wazi. Unachokiamini unakisema kwa jina moja, majina kibao ya nini? Hao ni kama wapiga debe wa Ubungo, wanajaza abiria hewa kwenye basi ili udhani umebaki wewe tu. Wezi.

Konda_Mstaafu: Nimefika hapo kwenye "wezi" nikaweka chai chini. Nimepiga debe Ubungo miaka sita, kabla stendi haijahamia Mbezi. Watoto watatu wamesoma kwa buku buku za makonda. Wakili gani anahukumu bila kesi?

Wakili_Njaa: Sijakutaja, mzee. Hujawahi kukaa kwenye basi na begi tupu mapajani ukijifanya unaenda Morogoro?

Konda_Mstaafu: Nimekaa. Tena dirishani. Lakini basi lilikuwa la Morogoro kweli na abiria alifika!

MamaKachumbari: Alifika saa ngapi? Mimi nimeambiwa "bado wawili tu" saa kumi na mbili asubuhi, tumetoka saa tatu. Kufika getini "abiria" wanne wakashuka, mmoja ameniachia maganda ya machungwa kwenye kiti.

Mzawa_Ilala: Jamani, hisa! Walionunua walikuwa watu wazima, tamaa zao. Mbona GameStop 2021, hisa za kampuni ya maduka ya michezo ya video zilizopaishwa na watu wa mtandaoni, hamkulia?

Kijiwe_Mikocheni: Usichanganye. Keith Gill, yule aliyekuwa anaisifia GameStop mtandaoni, alikuwa anaanika akaunti yake, kila mtu anaona ana hisa ngapi. Huyu dogo siku nyingine aliacha oda ya kuuza kabla hajaenda shule, bei ikipanda akiwa darasani ziuzike zenyewe. Usiku unawaambia watu itapaa, asubuhi umeshapanga kutoka.

Konda_Mstaafu: Huyo sasa ndiye mwizi. Mimi nilikuwa natafuta ugali.

Wakili_Njaa: Kumbe tunakubaliana.

Konda_Mstaafu: Hatukubaliani. Niombe radhi kwanza.

MamaKachumbari: Konda, lile basi lilikuwa la bluu, dirisha la tatu limezibwa na nailoni. Ni wewe?

Konda_Mstaafu: Mwaka gani?