Yule fundi wa kona amenichosha: PHONO siyo tundu la Bluetooth!

Wakuu, simtaji, mnamjua. Yule anayevaa tochi kichwani mchana kweupe. Leo kashika amplifaya nzima, haina hata mkwaruzo, kachomeka kidude cha Bluetooth, kile kinachopokea muziki wa simu, kwenye tundu la PHONO. PHONO, jamani! Spika zikakoroma kama ng'ombe anachinjwa. Halafu bila aibu: "Bosi, hii imekufa. Nikupe sabufa?"

IMEKUFA!

PHONO ni ya santuri. Sindano inatoa kama milivolti 5, kidude kinaweza kutoa hadi volti 2. Mara 400! Na tundu lenyewe linajaza besi makusudi, kwa kuwa santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa. Lisikorome kwa nini? Chomeka AUX, CD, au TAPE upande wa PLAY (sauti inaingia), siyo REC (sauti inatoka). Waya ni wa pini ya 3.5 mm kwenda RCA mbili, zile pini nene za rangi, nyekundu kulia, nyeupe kushoto. Sauti ya simu ipandishe karibu na mwisho, kisha urekebishe kwenye amplifaya. Basi! Eti imekufa.

Mzee wa Kaseti: Pole. Ila PHONO imeandikwa kwa herufi kubwa, wewe ulikuwa unaangalia wapi?

Mleta uzi: Ningeonaje, na mgongo wake mpana kama kabati la nguo? "Imekufa", kwa mdomo ule ule anaolia ugali!

Kipaza: Bora huo mkoromo una dawa. Kero ni ule mvumo, vuuum, kidude kikiwa kwenye chaja. Kiwashe kwa pawabanki. Mvumo ukiisha, ujue unapitia kwenye umeme wa chaja. Badilisha chaja au weka kichujio cha mvumo kwenye waya wa RCA.

Bibi Redio: Bluetooth yenyewe ndiyo kero. Simu ikiita, muziki unakatika, shemeji anasikika sebule nzima akiomba hela. Chukueni kidude cha WiFi. Kinavuta wimbo chenyewe mtandaoni, simu inabaki rimoti tu.

Kipaza: Na kama amplifaya na kidude vyote vina tundu la optiko, lile linalopitisha sauti kwa mwanga, pitishia huko. Mvumo wa chaja haupiti kwenye mwanga.

Dogo Bando: WiFi ya nani, mama? Ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde unakula MB 144 kwa saa. FLAC, yaani faili la muziki lisilopunguzwa ubora, ya kiwango cha CD ni mara mbili hadi tatu ya hapo. Mnasikiliza muziki au mnachoma hela?

Mzee wa Kaseti: Pakua usiku, sikiliza mchana.

Bibi Redio: Usiku upi, na jirani mwenye sabufa hajazima?

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa kwenye PHONO...

Dogo Bando: Mkuu subiri kwanza. Bando la usiku linaanza saa ngapi?