Mjadala: Mtoto mweusi kwenye picha ya Dachesi wa Portsmouth, ishushwe au ibaki?

Wakuu, mwaka 1682 Mfaransa Pierre Mignard alimchora Louise de Kéroualle, Dachesi wa Portsmouth, kimada wa Mfalme Charles II wa Uingereza. Picha iko kwenye jumba la picha la National Portrait Gallery, London. Bibi kakaa na mavazi yake ya fahari, mkono kamwekea begani binti mdogo mweusi. Binti kainua macho kumtazama, kashika kombe lililojaa lulu na tawi la marijani ya fedhaluka. Shingoni naye kavishwa lulu. Jina lake halijulikani.

Miaka kumi kabla, 1672, mfalme huyohuyo aliipa hati Royal African Company, iliyosafirisha watumwa kutoka Afrika Magharibi. Mkuu wake alikuwa James, mdogo wa mfalme. Ndiyo maana naona binti kachorwa kama mali: yeye, lulu na marijani, vyote vimetoka ng'ambo na vyote ni vya bibi.

Wapo wanaotaka picha za namna hii ziondolewe ukutani. Napinga. Ukiishusha, Louise atabaki kwenye vitabu vya historia, lakini binti hana pengine alipoandikwa. Ibaki, na maelezo ya pembeni yaanze na yeye.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Sikubaliani nawe, ndugu. Mtoto kawekwa pale ili weupe wa bibi ung'ae. Mchoraji Van Dyck alifanya vilevile Genova, Italia, mwaka 1623: Elena Grimaldi Cattaneo anatembea, nyuma mtumishi mweusi kamshikia mwavuli mwekundu. Picha imechorwa kwa ustadi wote ule ili umtukuze bibi. Maneno machache ya pembeni yataishindaje? Wanafunzi weusi wa London wanapita mbele yake. Iwekwe ghalani, anayeitafiti aombe kuiona.

MCHANGIAJI WA PILI: Tusimsahau Louise. Naye alikuwa chombo cha Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, kwenye kitanda cha mfalme wa Uingereza.

MTOA MADA: Chombo aliyelipwa. Alipata udachesi, na mwanawe akawa Duke wa Richmond. Binti hakupata hata jina, siwezi kuwapima kwa mizani moja.

Kuhusu ghala, ndugu, hoja ya wanafunzi imenigusa, lakini nauliza: anayeingia ghalani ni nani? Ni wasomi walewale walioandika kurasa na kurasa juu ya hariri ya bibi wakampita mtoto. Mwanafunzi mweusi akikua ndipo asikie kwamba alikuwepo? Nataka amwone angali mdogo, mwalimu akiwa kando yake, na aulize alitoka wapi.